Kazimoto, Pierre Landu na Hakimu Asiyekuwepo

Mwaka 1973 Présence Africaine ya Paris ilichapisha Entre les eaux, riwaya ya kwanza ya V. Y. Mudimbe. Mwaka uliofuata ikatoka Kichwamaji, riwaya ya pili ya Euphrase Kezilahabi. Mwanafunzi wa Kongo huisoma ya kwanza katika idara ya Kifaransa na ya pili katika idara ya Kiswahili, na ni nadra kumwona mtu akiziweka juu ya meza moja. Hilo ni jambo la kusikitisha, kwa kuwa vitabu hivi ni ndugu. Mudimbe alizaliwa Likasi mwaka 1941, akawa mnovisi wa Wabenediktini huko Gihindamuyaga, Rwanda, akatoka, na baadaye akafundisha Lubumbashi kabla ya kuhamia Marekani, alikofariki mwaka 2025. Kezilahabi alizaliwa Namagondo, katika kisiwa cha Ukerewe, mwaka 1944, akapitia seminari ya Nyegezi karibu na Mwanza, akaingia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Alifariki mwaka 2020. Wote wawili walilelewa na Kanisa Katoliki katika umri ambao kijana huambiwa kwamba kila tendo limekwisha kupimwa tangu milele. Wote wawili walipoandika riwaya walimchukua msomi mmoja, wakamwondolea mizani hiyo, wakamtazama anavyochagua.

Swali linaloziunganisha riwaya hizi ni gumu kuliko linavyosemwa kwa kawaida katika vyumba vya madarasa. Haliulizi kama Mungu yupo. Linauliza afanye nini mtu ambaye hana tena amri iliyo juu ya kila shaka, naye lazima atende kabla ya jua kuchwa: kuoa au kutooa, kulipiza kisasi au kusamehe, kushika bunduki au kubaki altareni. Wahakiki wengi wameiweka Kichwamaji chini ya jina la udhanaishi, wakataja Sartre na Camus, kisha wakagawanyika. Kundi moja limesema kwamba Kezilahabi aliingiza katika fasihi ya Kiswahili ugonjwa wa Ulaya, na kwamba kijana atakayekisoma kitabu hiki bila mwongozo atajifunza kukata tamaa. Kundi la pili limemsifu kwa ujasiri wa kusema wazi kwamba maisha hayana maana. Ajabu ni kwamba makundi haya hayapingani hata kidogo. Yote yanakubali kwamba Kazimoto alikufa kwa sababu alipoteza msingi wa maadili. Dai la makala haya ni kwamba matini yenyewe inasema jambo jingine: Kazimoto hakuweza kuacha kuutaka msingi huo, na kila alipoukosa alitengeneza mwingine kwa mikono yake.

Riwaya inaanza Kazimoto akisubiri ofisini kwa Manase. Walikua pamoja, sasa mmoja ni mwanafunzi wa chuo kikuu anayetafuta kazi ya likizo, na mwingine ni mkubwa wa serikali ambaye watu humngojea nje. Picha hii ya kwanza inastahili kukumbukwa, maana kitabu chote ni habari ya mtu anayengoja mbele ya mlango. Manase ndiye aliyempa mimba Rukia, dada wa Kazimoto, na Rukia anakufa. Kazimoto anamwendea Sabina, dada wa Manase, akiwa na nia ya kisasi: alichotendewa dada yangu kitatendwa kwa dada yako. Baadaye nia hiyo inageuka mapenzi, na mapenzi yanageuka ndoa. Mtoto wa Manase anazaliwa na kichwa kikubwa kisicho cha kawaida. Mtoto wa Kazimoto na Sabina anapatwa na balaa lile lile. Mwishoni Kazimoto anajiua.

Wahakiki wamekaa sana juu ya mazungumzo ya Kazimoto kuhusu kuwepo kwa Mungu na thamani ya mwanadamu, na wamepita haraka juu ya kisasi. Hapo ndipo penye uzito. Mtu asiyeamini mizani yoyote hawezi kulipiza kisasi. Anaweza kukasirika, anaweza kuua, lakini kulipiza kunahitaji hesabu: dada kwa dada, aibu kwa aibu, na mahali fulani daftari ambamo deni limeandikwa na litafutwa. Huyu Kazimoto anayewaambia wenzake kwamba hakuna hakimu anaishi miezi yake ya likizo kama karani wa mahakama. Ameikana sheria ya Kanisa, ameidharau sheria ya wazee, kisha amejitungia sheria moja kali kuliko zote mbili, isiyo na toba wala fidia ya mbuzi. Wazee wa Ukerewe, kama wazee wa Katanga, wangejua la kufanya na kesi ya msichana aliyepewa mimba: vikao, faini, lawama mbele ya ukoo, maneno makali, na mwisho njia fulani, hata kama ni mbaya, ya watu kuendelea kuishi katika kijiji kimoja. Kazimoto hana subira na njia kama hizo. Anataka hukumu kamili au pasiwe na hukumu yoyote, na elimu yake imemfundisha kuona kila kilicho katikati kuwa ujinga.

Kuna kasoro hapa ambayo ni ya Kezilahabi mwenyewe. Mhusika anasema hakuna hakimu. Msuko unamrudisha hakimu kwa mlango wa nyuma. Maradhi ya watoto yanahusishwa katika masimulizi na mwenendo wa zamani wa baba zao, na yanashuka juu ya nyumba mbili zinazohusika kwa usahihi ambao hata nabii wa Agano la Kale angeuonea wivu. Kama dunia ya Kichwamaji ni dunia isiyo na mizani, adhabu hii imepimwa na nani? Hadithi ya mafunzo ya misheni isingeipanga kwa unadhifu zaidi: wamezini, na watoto wao wana vichwa vya maji. Wala adhabu yenyewe haiwaangukii kwanza wakosaji. Inamwangukia mtoto asiyejua lolote, na mama zake wawili. Jina la kitabu linabeba maana mbili, kichwa kilichojaa maji na mtu asiye na akili timamu, na mwandishi ameitumia maana ya pili kwa ustadi mkubwa. Ile ya kwanza imemponyoka ikawa hukumu. Huenda hii ndiyo sababu kitabu kinachoitwa cha kukana kila kitu kimeweza kusomwa na walimu wengi kama onyo dhidi ya uasherati. Hawakukisoma vibaya. Msuko uliwaruhusu.

Ni vizuri kukumbuka kwamba Kezilahabi alikuwa amekwisha kuijaribu dunia yenye mizani. Katika Rosa Mistika (1971) Zakaria ana sheria isiyo na nyufa: msichana hataongea na mvulana, na barua moja ya kijana inatosha kuleta kipigo. Matokeo yanajulikana. Rosa aliyefungiwa hajui kuchagua siku anapofunguliwa, na anaangamia. Riwaya ile, iliyopigwa marufuku shuleni kwa muda kisha ikarudi kuwa kitabu cha kusomwa, inaishia mbele ya Mungu mwenyewe, na hata huko baba na binti wanaendelea kulaumiana. Mwandishi amewapandisha hadi mahakama ya juu kabisa, na ugomvi haukuisha. Anayesema kwamba Kazimoto angepona kama angekuwa na imani ya kutosha hana budi kueleza kwanza kwa nini Zakaria, aliyekuwa na hakika ya kutosha kwa watu kumi, hakumponya mtu yeyote.

Pierre Landu wa Mudimbe ni ndugu mkubwa wa Kazimoto, mwenye lugha laini zaidi. Ni padri aliyesomea Roma. Anaona kwamba Kanisa analolitumikia limekaa upande wa wenye nguvu, anaiacha parokia, anaingia msituni kujiunga na waasi wenye itikadi ya Karl Marx. Msomaji wa Kongo hahitaji kuelezwa. Maasi ya mwaka 1964 yangali katika kumbukumbu za familia nyingi za mashariki, na si katika vitabu tu. Huko msituni Landu hatulii. Waasi hawamwamini kwa kuwa ni padri, naye hajui kama anawapenda maskini au anaipenda picha yake mwenyewe akiwa kati yao. Kisha linatokea tukio ambalo ni kiini cha riwaya: anamwandikia askofu wake barua. Barua inanaswa, Landu anahesabiwa msaliti, anahukumiwa kifo, na ni shambulio la jeshi la serikali linalomwokoa.

Barua hiyo inapaswa kusomwa karibu na kisasi cha Kazimoto. Mtu amekwisha kuchagua, tena chaguo la hatari, ameacha kanzu na kushika bunduki, na bado moyo wake unatafuta mhuri. Anataka yule aliyemkimbia amwambie kwamba alifanya vema kumkimbia. Baadaye anaoa, na ndoa inakuwa kwake kituo kingine cha kungojea. Mwishoni anaingia monasteri ya Wasistersia na kupewa jina jipya. Kanisa, mapinduzi, ndoa, monasteri: kila kimoja kinashikwa kama msingi wa mwisho, na kinapotikisika kinaachwa chote. Mudimbe anajua anachokifanya. Kejeli yake ni nyembamba lakini haikosi shabaha, na katika hilo amemshinda Kezilahabi: hakuhitaji maradhi wala laana kumhukumu mhusika wake. Alimwacha aseme tu, na Landu husema vizuri mno. Mtu anayeieleza dhambi yake kwa ufasaha kiasi hicho, msomaji huanza kumtilia shaka.

Katika mhadhara alioutoa Paris mwezi wa Oktoba 1945, na uliochapishwa mwaka 1946, Sartre alisimulia habari za mwanafunzi aliyemjia wakati wa vita. Kaka yake alikuwa ameuawa mwaka 1940. Baba yake alikuwa akielekea upande wa Wajerumani. Mama yake alikuwa na mtoto huyo tu wa kumfariji. Kijana alitaka kuvuka kwenda Uingereza kujiunga na majeshi ya Ufaransa huru, na alijua kwamba kuondoka kwake kungemvunja mama. Sartre alionyesha kwamba si Injili wala Kant angeweza kumchagulia, na jibu lake lilikuwa: uko huru, chagua. Mfano huu umerudiwa mara nyingi hata umechakaa. Lakini ukisimuliwa kwa Kiswahili, mbele ya wasikilizaji wa Kisangani au Bukavu, swali la kwanza litakaloulizwa ni: na mama alisema nini? Katika simulizi la Sartre mama hasemi. Yeye ni upande mmoja wa mizani, uzito wa kupimwa. Kijana anamwendea mwalimu, mwalimu anatazama juu, haoni kitu, anamrudisha kijana kwa nafsi yake. Hakuna anayefikiri kwenda kubisha hodi kwa yule ambaye uamuzi utamwangukia.

Udhaifu huo huo umo katika Kichwamaji na katika Entre les eaux, nao haujasemwa vya kutosha. Kazimoto anasimulia kwa nafsi ya kwanza na anamiliki karibu kila fikra iliyomo kitabuni. Rukia ni jeraha lake. Ni mara chache msomaji anamwona Rukia akiwa na jeraha la Rukia mwenyewe. Sabina anaingia kama chombo cha kisasi na anabaki kuwa jibu la swali la mumewe. Mke wa Landu naye ni kituo katika safari ya roho ya mwanamume. Wahusika hawa wakuu wanauliza daima swali la kutazama juu: sheria gani inaniruhusu? Wanaotendewa wamesimama kando, kwenye usawa wa macho, wakiwa kimya. Ukimya huu ni wa waandishi pia. Haifai kuufunika kwa kusema kwamba ndivyo mambo yalivyokuwa miaka ya 70.

Hata hivyo Kichwamaji ina nguvu ambayo mhusika wake haijui. Hakuna msomaji anayefika kwenye kifo cha Rukia akauliza kwanza kama kuna msingi wa milele unaothibitisha kwamba Manase alitenda ubaya. Anajua. Awe padri, awe mkomunisti, awe mwanafunzi aliyemaliza kusoma Nietzsche jana usiku, anajua, na ujuzi huo haukungoja uthibitisho. Riwaya inajengwa juu ya hakika hiyo tangu mwanzo hadi mwisho. Bila hiyo huzuni yake isingemgusa mtu. Kwa hiyo kitabu kinachotamka kwamba hakuna ubaya wala wema kinamfanya msomaji ajue ubaya alipouona. Huu ni mgongano, lakini ni mgongano wenye faida, na ni sababu bora ya kuendelea kukifundisha.

Lugha ya Kiswahili imekuwa na jina la ujuzi wa namna hii kabla ya falsafa kuja kuuchunguza. Husemwa kwamba mtu ni utu. Katika Kiluba neno ni bumuntu. Wapo waliotaka kulifanya neno hilo kuwa msingi mpya, amri ya Kiafrika ya kuwekwa mahali pa amri za Musa, na hapo wamelikosea. Utu hautumiki hivyo vinywani mwa watu. Mtu huambiwa hana utu kwa sababu ya tendo fulani alilomtendea fulani, na kesho akienda kuomba radhi huambiwa ameonyesha utu. Ni neno la mashauri, linabishaniwa, linapotea na kurudi. Anayedai kuwa nalo moja kwa moja anachekwa.

Mfano ulio karibu zaidi na wasomaji wa kurasa hizi ni kile kiitwacho kwa mzaha kifungu cha 15, yaani jitafutie mwenyewe. Mara nyingi wanafunzi wa Kongo humwelewa Kazimoto kwa njia hiyo: mwalimu asiyelipwa, karani anayeuza mihuri, askari wa barabarani, wote wanaishi bila msingi, basi Kazimoto ni mwenzetu. (Katiba iliyotangazwa tarehe 18 Februari 2006 ina kifungu cha 15 cha kweli, na kinawaamuru wenye mamlaka kuhakikisha kwamba ukatili wa kingono unaondolewa. Hiyo ni kejeli ambayo mwandishi wa riwaya angeogopa kuibuni.) Lakini ufananishaji huo haukubaliani na mwenendo wa watu wanaozungumziwa. Mama muuzaji wa sokoni anayempunja mtoza ushuru bila kusita ndiye huyo huyo anayelipa likelemba yake kila wiki, hata baada ya kupokea zamu yake, wakati ambapo angeweza kunyamaza na kutoweka. Hakuna mkataba ulioandikwa. Hakuna mahakama itakayomfuata. Ukimuuliza msingi wa wajibu huo hatataja falsafa, na huenda hatamtaja Mungu. Atawataja wenzake kwa majina, na zamu ya nani inafuata. Kama zamu ya mgonjwa inastahili kutangulizwa, watabishana, na mara nyingine wataamua vibaya. Wajibu wake umesimama juu ya watu atakaokutana nao Jumatatu asubuhi. Unaweza kuvunjika. Umevunjika mara nyingi, hasa miaka ya vita na ya noti zisizonunua kitu, na ulipovunjika watu walijua ni nini kilichovunjika.

Kazimoto hana likelemba, kwa maana hiyo. Hakuna mtu katika riwaya ambaye anamwajibikia kwa tendo dogo, la kurudiwa, lisilo na fahari. Ana maoni juu ya ubinadamu wote na hana ahadi kwa jirani mmoja. Jaribio la karibu zaidi ni ndoa yake na Sabina, na ni lazima kumtendea haki Kezilahabi hapa: kurasa ambamo kisasi kinapoteza ukali wake na kuwa kitu kingine ndizo bora katika kitabu. Kazimoto hakuamua kwa hoja kumpenda dada wa adui yake. Hakupata ruhusa kutoka juu. Mtu aliyekusudiwa kuwa chombo alikuwa na uso, na uso ule ulimharibia mpango. Kwa muda mfupi riwaya inaonyesha jinsi mtu anavyoweza kubadili mwenendo bila kupata msingi wowote mpya. Kisha mtoto anakuja, na mwandishi, kana kwamba ameiogopa njia aliyoifungua, anaiziba kwa kichwa cha maji.

Baadaye Kezilahabi alichukua njia nyingine. Tumaini wa Dunia Uwanja wa Fujo (1975) anapotishiwa kunyang'anywa mali yake anaua, na anahukumiwa kifo. Huko hakimu ni dola, naye hana mashaka. Katika Nagona (1990) na Mzingile (1991) uhalisia wenyewe umeachwa, na anayetafuta ukweli anatembea katika njia zinazozunguka na kurudi. Vitabu hivi viwili vimesifiwa kwa kina chake cha kifalsafa, na sifa hizo vinastahili. Lakini katika mzingile mtu hutembea peke yake, au hukutana na vivuli na wazee wa ajabu. Ni vigumu kumkosea kivuli, na ni vigumu zaidi kumwomba radhi. Swali la mwenendo limekuwa swali la ujuzi. Anayetaka kuona Kezilahabi alipolikaribia zaidi swali la kwanza hana budi kurudi mwaka 1974.

Akirudi, asiishie kwenye kifo cha Kazimoto, ambako uhakiki mwingi huishia kwa sababu sauti ya msimulizi nayo inazimika. Sabina amebaki hai. Amempoteza mtoto, na sasa mume. Kaka yake ni Manase, ambaye bila yeye huenda Kazimoto asingekuja kamwe kubisha mlangoni pake. Yeye ndiye atakayeamua kama ataendelea kumwita Manase kaka, atamwambia nini Salima mwenye mtoto yule mwingine, atakaa Ukerewe au ataondoka. Hakuna kitabu kilichomwandikia sheria juu ya mambo hayo, wala hana muda wa kuwaza kuhusu ubinadamu kwa jumla. Kezilahabi hakumpa sura hata moja.